Ushindi wa hoki ya barafuni huanzia kwenye benchi

Hata nyota wa hoki ya barafuni hukaa benchi muda mrefu kuliko anaocheza. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20, lakini washambuliaji wengi hucheza kati ya dakika 12 na 20 tu, na beki tegemeo hufika 25 hivi. Muda uliobaki ameketi, anahema, anatazama na kusubiri zamu yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini timu fulani inashinda na nyingine yenye vipaji vilevile inashindwa, asianze na mabao. Aanze na namna wachezaji wanavyoingia na kutoka.

Kwa ambaye mchezo huu bado ni mgeni kwake: barafuni kila timu ina watu sita, yaani kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, kila timu huteua wachezaji 20 kwa mechi. Makipa ni wawili, na wale 18 waliobaki kwa kawaida hugawanywa katika safu nne za washambuliaji na jozi tatu za mabeki. Kubadilishana hakuna kikomo, na mara nyingi hufanyika mchezo ukiendelea, bila refa kupuliza filimbi. Zamu moja ni sekunde 40 hadi 50. Fanya hesabu ndogo utaona kwamba mchezaji mmoja huingia na kutoka mara ishirini na zaidi kwa mechi, na kila mara anaweza kuisaidia timu au kuiponza kabla hata hajagusa kitu.

Kutoka nako ni kazi

Kuteleza kwa kasi kamili, magoti yamekunjwa, unagongana na watu na kusimama ghafla, kunamaliza nguvu za miguu upesi mno. Ukitoka kwenye sekunde ya 45 na kupumzika dakika mbili au tatu, unarudi ukiwa mwepesi. Uking'ang'ania hadi sekunde ya 80, hasara haiishii kwenye zamu hiyo. Mbili zinazofuata utazicheza ukiwa mzito, na wenzako wa safu watakuwa wameshatoka bila wewe, kwa hiyo mpangilio wote wa kocha unayumba. Anayebaki barafuni kutafuta bao lake anakula dakika za mwenzake, na benchi zima linamwona.

Wakati mzuri wa kutoka ni pale kisahani, kile kipande cha mpira mgumu kinachopigwa kwa magongo, kikiwa ndani kabisa ya eneo la wapinzani. Ukiwa nacho na umechoka, vuka kwanza mstari mwekundu wa katikati, kisukume hadi kona ya mbali, ndipo ukimbilie benchi. Wapinzani wakiwa wanakuja nacho kati ya uwanja, usitoke hata kama kifua kinawaka moto. Rudi, kaba, utatoka baadaye. Mashambulizi mengi ya wawili dhidi ya beki mmoja huanzia hapa: mtu amechoka, akageuza mgongo kwenda benchi sekunde mbili kabla ya wakati.

Kanuni za NHL zinamtaka anayetoka awe ndani ya futi 5 za benchi lake, kama mita moja na nusu, na awe ameacha kucheza, ndipo mbadala wake aruhusiwe kuingia. Mkiharakisha, refa anahesabu watu wengi kuliko inavyotakiwa na mnaadhibiwa kucheza pungufu kwa dakika 2. Sidhani kuna adhabu inayowaudhi makocha kuliko hiyo, maana haikuletwa na mpinzani; imeletwa na watu wasiosemezana. Dawa yake ni kila aliyeketi ajue anampokea nani kwa nafasi. Winga wa kushoto anampokea winga wa kushoto, naye anatamka kwa sauti, "Kushoto wangu!", kabla hajaruka ubao, ule ukuta mfupi unaozunguka uwanja. Anayekuja ainue gongo ili benchi lijue ameamua kutoka na habadili mawazo njiani. Mabeki wawe waangalifu zaidi: aliye karibu na benchi hutoka kwanza, na mwenzake hasogei mpaka beki mpya ameshika nafasi.

Kipindi cha pili kina balaa lake. Timu zimebadilishana magoli, kwa hiyo benchi lenu sasa liko mbali na lango mnalolinda. Mabeki wakibanwa kwao wakiwa hoi, njia ya kwenda kupumzika ni ndefu na imejaa wapinzani. Katika kipindi hicho fupisheni zamu kwa sekunde tano hivi, na asifikirie kutoka mtu yeyote kabla kisahani hakijavuka mstari wa bluu, ule unaotenga eneo lenu na katikati ya uwanja, na kwenda mbali. Timu changa hufungwa mabao mawili matatu ya haraka katika kipindi hiki, kisha lawama zote zinamwangukia kipa.

Mtego mwingine ni ule wa kujiokoa kwa pupa. Ukikipiga kisahani kutoka upande wenu wa mstari wa kati hadi kikavuka mstari wa goli wa wapinzani bila kuguswa, mchezo unasimamishwa, unaanzishwa tena karibu na lango lenu, na timu yenu hairuhusiwi kubadilisha wachezaji. Wale wale waliokuwa wakihema sasa wanakabiliana na watu wapya. Ukibanwa, afadhali ukisukume taratibu kwa kupitia ubao wa pembeni kiishie kati ya uwanja. Hapendezi mtu anayefanya hivyo, lakini anawapa wenzake nafasi ya kutoka.

Neno moja, mapema

Beki anayefukuzia kisahani kwenye kona amewapa wapinzani mgongo. Macho yake wakati huo ni sauti za wenzake. "Mtu!" maana yake kuna anayekufuata, cheza haraka. "Muda!" maana yake tulia, inua kichwa. "Zunguka!" ni kupita nyuma ya goli kwa kasi. "Rudisha!" ni kumwachia mwenzako upande ulikotoka. Maneno haya yakubaliwe kabla msimu haujaanza, na yawe mafupi. Ukianza kumweleza mtu kwamba kuna jamaa anamjia kutokea kulia, kabla hujamaliza ameshabamizwa ubaoni. Kipa ndiye anayeuona uwanja wote, kwa hiyo yeye awe wa kwanza kupaza sauti. Mchezaji bubu barafuni ni mzigo, awe na kipaji kiasi gani.

Kwenye benchi utaratibu ni tofauti. Ukiketi, usiseme kitu kwa sekunde kumi au kumi na tano. Hema kwanza, kisha kunywa. Halafu toa habari, siyo hasira. "Beki wao wa kulia hugeukia ubaoni kila akibanwa, tumfungie huko" ni habari. "Mbona hukunipa pasi?" ni kesi, na kesi zisubiri mechi iishe.

Kazi zisizopigiwa makofi

Bao moja la hoki linaweza kuandikiwa asisti mbili: aliyetoa pasi ya mwisho na aliyempasia huyo. Wayne Gretzky alistaafu mwaka 1999 akiwa na mabao 894, rekodi iliyodumu hadi Alexander Ovechkin alipoipita Aprili 2025. Lakini asisti zake ni 1,963. Ukimfutia mabao yote, asisti peke yake zinamwacha juu ya jumla ya mabao na asisti ya mchezaji mwingine yeyote katika historia ya ligi hiyo. Mfungaji huyo alikuwa mpasiaji kwanza.

Hata hivyo karatasi ya takwimu huficha mengi. Chukua mshambuliaji wa tatu. Wawili wakiingia kona kugombea kisahani, yeye anabaki juu, karibu na ncha za yale maduara yaliyochorwa barafuni katika eneo la wapinzani, gongo lake likiwa chini barafuni. Kisahani kikipatikana, yeye ndiye wa kupiga. Kikipotea, yeye ndiye wa kwanza kurudi. Akishikwa na tamaa akaingia kona naye, pasi moja tu inawapita watatu wote na mabeki wenu wawili wanakutana na washambuliaji watatu wanaokuja kwa kasi. Bao likiingia, mashabiki watamwona beki aliyepitwa. Kocha, akirudisha mkanda nyuma sekunde nane, atamwona mshambuliaji wa tatu.

Mnapocheza pungufu, wanne waliobaki mbele ya kipa wakae karibu karibu, kila gongo likifunga njia ya pasi badala ya kurushwa hewani, na zamu zishuke hadi sekunde 30 hivi. Hapo kukipiga kisahani mbali hadi mwisho wa uwanja kunaruhusiwa, na uwanja wa NHL una urefu wa futi 200, karibu mita 61, kwa hiyo kila kisahani kinachopigwa hadi mwisho kinawala wapinzani sekunde kadhaa. Anayejirusha kuzuia shuti aende karibu na mpigaji na asimzibe macho kipa wake. Kujirusha nusu nusu, mguu mmoja umeinuliwa, ndiko kunakogeuza njia ya kisahani na kukiingiza golini kwenu.

Mwaka 2001 Colorado Avalanche walipotwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, nahodha Joe Sakic hakuliinua kwanza kama ilivyo desturi ya manahodha. Alimkabidhi moja kwa moja Ray Bourque, beki aliyekuwa amelisubiri kwa misimu 22. Watu hulikumbuka tukio hilo kwa machozi yake, lakini mimi naliona pia kama somo la uongozi: chumba kizima cha wachezaji kilijua mwaka ule kinamchezea nani, na nahodha hakuhitaji kuitisha mkutano kulisema.

Mkiongoza, mkishinda

Kushinda kuna hatari yake, kwa sababu hakuna anayetaka kukagua mechi iliyoleta furaha. Tampa Bay Lightning walimaliza msimu wa kawaida wa 2018–19 wakiwa na ushindi 62 na pointi 128. Katika mtoano, ambako raundi huchukuliwa na timu ya kwanza kushinda mechi nne, mechi yao ya kwanza waliongoza 3–0 dhidi ya Columbus Blue Jackets, wakapoteza 4–3, kisha wakafungwa mechi nyingine tatu mfululizo na kutolewa. Boston Bruins wakavunja rekodi msimu wa 2022–23 kwa ushindi 65 na pointi 135. Nao walitolewa raundi ya kwanza na Florida Panthers baada ya kuongoza kwa mechi tatu dhidi ya moja.

Basi baada ya ushindi jiulizeni maswali yaleyale ambayo mngejiuliza baada ya kipigo. Wapinzani walipata nafasi ngapi za kupiga wakiwa mbele kabisa ya lango, siyo pembeni? Adhabu zetu ngapi zilitokana na uvivu, kama kumnasa mtu kwa gongo baada ya kupitwa, na ngapi zilikuwa za lazima? Zamu ngapi zilipita dakika moja? Kama kipa ndiye aliyewabeba, semeni hivyo kwa uwazi, kwa sababu hatawabeba kila siku.

Uongozi wa mabao mawili au matatu katika kipindi cha tatu huharibiwa kwa njia moja inayojirudia: timu inaacha kukaba juu, inarudi nyuma yote, na kila ikipata kisahani inakirusha tu bila mpango. Wapinzani wanakirudisha, wanakirudisha tena. Tarehe 13 Mei 2013 Toronto Maple Leafs waliongoza 4–1 mjini Boston katika mechi ya saba na ya mwisho ya raundi ya mtoano, zikiwa zimebaki chini ya dakika 11. Bruins wakapata moja. Kisha, kipa wao akiwa ametolewa ili aingie mshambuliaji wa sita, wakafunga mawili ndani ya dakika moja na nusu ya mwisho, na Patrice Bergeron akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Mkiongoza, endeleeni kumtuma angalau mtu mmoja kukaba juu, mabeki wabaki kwenye mstari wa bluu badala ya kuangukia kwa kipa wao, na wenye nguvu wapewe zamu fupi badala ya kuachwa barafuni dakika mbili eti kwa sababu wanaaminika.

Na chezeni hadi king'ora kilie. Katika Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, Umoja wa Kisovieti uliongoza 2–1 dhidi ya Marekani zikiwa zimesalia sekunde chache za kipindi cha kwanza. Shuti la mbali likapigwa, kipa Vladislav Tretiak akalitema, mabeki wake wakiwa kama watu ambao kipindi kimeshaisha, na Mark Johnson akapenya na kufunga ikiwa imebaki sekunde moja. Ikawa 2–2. Kocha Viktor Tikhonov akamtoa Tretiak, kipa bora duniani wakati huo, na mechi ikaisha 4–3 kwa Marekani. Kumwadhibu kipa kwa kosa la walioacha kucheza ni jambo la kawaida, na karibu kila mara ni uamuzi mbaya.

Mkifungwa, mkishindwa

Tuanze na bao lenyewe. Likiingia, usitupe mikono, usimtazame kipa, usigonge gongo ubaoni. Aliye karibu amguse kipa gongo kwenye kinga za miguu, basi, mrudi benchi. Zamu inayofuata bao ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu timu moja imepata joto na nyingine inatafutana. Kocha apeleke safu yake inayocheza mambo rahisi, na safu hiyo ifanye vitu vitatu tu: kisahani kipite ubaoni, kivuke mstari mwekundu, kiende kona ya wapinzani. Pasi za kukatisha katikati ya uwanja zisubiri.

Mechi ikiisha, mwili kwanza. Dakika 10 hadi 15 za baiskeli ya mazoezi kwa mwendo wa polepole, maji, chakula ndani ya saa moja. Mwenye njaa na hasira hasemi la maana. Chumbani aongee nahodha au kocha, sentensi chache, na lisitajwe jina la mtu.

Uchambuzi ni wa kesho yake. Msitazame mechi nzima pamoja. Kata vipande sita au saba na uvigawe kwa aina ya kosa, maana kila aina ina tiba yake. Kosa la juhudi ni kama kutokurudi kukaba. Hilo halihitaji mazoezi, linahitaji kupunguziwa dakika. Kosa la uamuzi ni kama kujaribu kumpita mtu kwenye mstari wa bluu ukiwa wa mwisho. Hilo linasahihishwa kwa video na kwa kurudia hali ileile mazoezini, polepole kisha kwa kasi. Kosa la utekelezaji ni pale mtu alipoamua sawa lakini pasi ikaruka gongo la mwenzake. Huyo msimkaripie, mwongezeeni pasi mia baada ya mazoezi. Timu zinazochanganya aina hizi humfokea aliyejaribu na kumwacha mvivu.

Kisha kuna kushindwa ambako hakuna kosa kubwa. Kisahani kiligonga mwamba mara mbili, kikamgonga refa mguuni, kipa wao akacheza mechi ya maisha yake. Kama mlitengeneza nafasi nyingi za karibu kuliko wapinzani, msibadilishe mfumo kwa sababu ya jioni moja. Bruins wale wa pointi 135 walipoteza mechi 17 kati ya 82. St. Louis Blues walikuwa mkiani mwa NHL nzima mwanzoni mwa Januari 2019, na Juni mwaka huohuo walikuwa mabingwa. Hata wale Wamarekani wa 1980 walikuwa wamefungwa 10–3 na Wasovieti katika mechi ya kirafiki, siku 13 tu kabla ya kuwashinda.

Lakini kipo pia kipigo kinachoeleza bei ya ushindi. Edmonton Oilers wa Gretzky walifungwa mechi nne kwa sifuri na New York Islanders katika fainali ya 1983. Gretzky amesimulia mara nyingi jinsi walivyopita karibu na chumba cha mabingwa wakitarajia shangwe, wakakuta watu wamejifunga barafu magotini na mabegani, wamechoka kabisa. Wao Oilers walikuwa wazima wa afya. Mwaka uliofuata walikutana tena na timu ileile fainali, na safari hiyo kombe likaenda Edmonton.

Ukiachwa nje ya kikosi

Hili huzungumzwa mara chache, ingawa kila timu ina watu wawili watatu wanaotazama mechi wakiwa wamevaa suti. Ukiwa miongoni mwao, siku ya mechi fanya kazi ngumu asubuhi: mbio fupi za sekunde 40 na mapumziko ya dakika mbili, mara nane hadi kumi, ili miguu isisahau mwendo wa zamu. Jioni kaa juu jukwaani ukimfuatilia mchezaji mmoja tu, yule ambaye ungecheza nafasi yake, na uandike anakosimama timu inapopoteza kisahani. Wakati wa mapumziko usiingie chumbani na ushauri ambao hukuombwa. Mpe kocha msaidizi karatasi yako.

Ukiitwa baada ya wiki tatu, zamu yako ya kwanza iwe ya sekunde 30. Gongana na mtu mmoja, peleka kisahani kimoja kona, toka.